Sida ya Paka wa Madame

Paka wa Madame alipoacha kula sambaza, vidagaa vya ziwani, Léopold Namegabe alishikwa na hofu ambayo hata mabomu hayakumpa. Bomu lingemuua yeye peke yake na kumalizana naye. Paka akifa, kazi ya Kampala imekufa.

Madame Birgit alikuwa mkuu wa shirika ambalo Léopold alilifanyia kazi kama karani wa bohari. Asubuhi ile vita vilipoingia mjini Goma, Madame aliondoka na begi moja mgongoni, akamwachia Léopold paka wake mweupe aitwaye Perle, gunia la chakula cha paka na ahadi: "Nitunzie Perle, nami sitakusahau." Ofisi ilifungwa, mishahara ikakoma. Miezi ilipita, ikasikika kwamba shirika linafungua ofisi Kampala na linatafuta karani. Tangu hapo Perle alilala kwenye kiti cha salon, sebule yao, ambacho hata watoto walikatazwa kukikalia, na kila Ijumaa Léopold alimpiga picha na kuituma kwa Madame, akiandika chini yake: "Perle anakusalimia."

Sasa Perle hakumsalimia mtu. Fizi zake zilikuwa nyekundu kama nyanya, mate yalimning'inia mdomoni, macho yalijaa matongo. Léopold alimtia kikapuni, akamfunika kwa kitenge cha mke wake cha kwendea misa bila kuomba ruhusa. Mke wake, Aurélie, alifuata nyuma kwa ajili ya kitenge.

Docteur Magloire alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara iendayo Kibati, mahali ambapo wafugaji walimletea ng'ombe na mbuzi. Paka aliletewa mara chache, na siku hizo chache zilimfurahisha, maana paka hampigi daktari teke. Akamfunua Perle mdomo, akapiga mluzi.

"Huyu analalaka wapi?"

"Docteur, huyu ni paka ya muzungu," Léopold akajibu, kidogo kwa kuudhika. "Analalaka kwa salon."

"Na magaribi anatoka?"

"Anatokaka," akasema Aurélie. "Ule mwezi ulipita alirudi sikio imepasuka. Alipigana na ile dume ya kwa boucherie, kwa wauza nyama."

"Basi ndipo alipatia."

Alitoa tone la damu, akaliweka kwenye kipimo kidogo cha plastiki, kimoja kati ya viwili vilivyombakia. Wakangoja dakika kumi. Nje, kwenye benchi, jirani yao Mama Mukabalisa alikuwa ameshika kamba ya mbuzi aliyevimba tumbo. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya harufu.

"Iko na virusi mbili," akasema Docteur. "Moja inaharibu damu. Ingine inamaliza askari wa mwili, kidogo kidogo. Askari wakiisha, kila mwizi anaingia vile anataka. Hii mafua na hivi vidonda vya kinywa, hiyo ni virusi ya tatu. Paka yenye nguvu ingepona yenyewe. Huyu nyumba yake haina mulinzi."

"Ile ya kumaliza askari inaitwaka je?"

Docteur Magloire alisita. Baadaye alijuta kwamba hakusita zaidi.

"Watu wanaiita sida ya paka."

Nje, Mama Mukabalisa alisikia neno sida, ukimwi, akaacha kumbembeleza mbuzi.

"Haiambukize mutu," Docteur akaendelea haraka. "Hata kidogo. Ni ya paka kwa paka, kwa kuumana." Lakini Aurélie alikuwa ameshasimama, anapangusa viganja vyake ukutani, kitenge chake amekisahau kabisa. "Dawa ya virusi hapa haiko. Nitawapa ya vidonda na ya homa. Chakula laini, joto, utulivu, na dawa saa ile ile kila siku. Anaweza kuishi miaka. Anaweza pia kufa mwezi huu. Virusi moja mwili unaizoea. Tatu pamoja ni muzigo."

"Saa ile ile kila siku," Léopold alinong'ona huku akiandika, kama mtu anayejifunza jambo geni. Haikumjia akilini kwamba nyumbani kwake, kwa miaka minne, kulikuwa na mtu aliyekuwa akimeza dawa saa mbili kamili ya kila asubuhi.

*

Mtu huyo alikuwa Bénita, dada yake mkubwa. Alikuwa mwalimu huko Bukavu. Mume wake alipofariki, wakwe walimtoa nyumbani, naye akavuka ziwa na sanduku moja na chupa ya vidonge. Alipofika, Léopold alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama inavyompasa mdogo. Alipoiona chupa, yaya ikapotea, akabaki Bénita. Alipewa aneksi, chumba cha mbao nyuma ya jiko, ambako makaa yalihifadhiwa. Alipewa pia sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vikafungwa uzi mwekundu visije vikachanganyika. Majirani waliambiwa kwamba ana tumbo na daktari amemkataza chumvi.

Tusimwonee Léopold. Alijua kabisa kwamba sida haiambukizwi kwa sahani. Alilijua hilo kwa sababu bohari yake ndiyo iliyotunza mabango elfu tatu yenye maneno hayo, na yeye mwenyewe alikuwa na fulana tano zilizoandikwa kifuani USIMUTENGE NDUGU YAKO. Moja aliivaa kulalia. Alikuwa mtu aliyehesabu mabango bila kuyasoma.

Walipofika nyumbani, Aurélie alichoma taulo la Perle, akamwaga maji ya klore juu ya kiti cha salon mpaka rangi yake ikatoka, kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu hatalala tena humu. Apelekwe kwa Bénita. Wako na ugonjwa moja, watasikilizana."

Bénita alikuwa anachambua maharagwe. Alinyanyua kichwa, akamtazama paka kikapuni, kisha mdogo wake.

"Docteur alisema nini juu ya mavi yake?"

"Mavi?" Léopold akashangaa. "Ya nini?"

"Mavi ya paka ni mubaya kwa mutu mwenye kinga yake ni kidogo. Kule hospitali walitufundisha. Virusi zake haziwezi kunifanya kitu, lakini mavi hapana. Mupigie simu Docteur, umuulize."

Léopold alipiga simu mbele yao wote, akiwa na hakika ya kushinda. Sauti ya Docteur Magloire ilitoka wazi kabisa: "Dada yako anasema kweli. Yeye ndiye mutu wa mwisho mwenye anapashwa kugusa ule muchanga wa mavi. Mutafute mutu muzima, mwenye nguvu, mwenye hana kazi."

Watoto wawili wa Léopold walicheka, wakakimbia. Katika nyumba ile mtu mzima, mwenye nguvu, asiye na kazi, alikuwa mmoja tu. Basi ikawa kila asubuhi, Monsieur Namegabe, karani wa bohari, aliinama nyuma ya jiko lake na mifuko ya plastiki mikononi, akichota mavi ya paka kwenye sanduku la mchanga mweusi wa volkano, huku akichungulia kama kuna mtu juu ya ukuta. Mara nyingi alikuwepo.

Bénita alimpa Perle dawa. Hakuna mwingine aliyejua namna ya kummezesha. Alimfunga kwenye kipande cha shuka kama mtoto, akamkandamiza taya kwa vidole viwili, akapitisha kidonge, akampapasa koo mpaka akimeze. Alimpondea sambaza na maji ya uvuguvugu. Wa kwanza kumeza dawa alikuwa yeye. Wa pili paka.

*

Mbuzi wa Mama Mukabalisa alipona, na Mama Mukabalisa akapata nafasi ya kutembea. Hakusema uongo. Alisema tu alichosikia, na kila aliyesikia aliongeza kidogo. Siku ya Jumatatu sida ilikuwa ya paka. Jumanne ilikuwa imeingia paka kutoka kwa watu, maana paka ataipata wapi? Kufikia Jumatano watu walikumbuka jinsi Léopold alivyokonda tangu ofisi ifungwe, wakaacha kumuulizia kazi na kuanza kumuulizia usingizi.

Aurélie aliuza mandazi kwenye meza ndogo mbele ya nyumba. Wateja wake wa asubuhi, waliokuwa wakigombania ya kwanza kutoka mafutani, sasa walipita upande wa pili wa barabara wakiwa na haraka ya ghafla. Mmoja alimwambia kwamba ameacha mafuta. Mwingine kwamba ameacha sukari. Wa tatu, mkweli zaidi, alimuuliza paka alikuwa akilala karibu na unga au mbali.

Jumapili alikwenda kwenye likelemba yao, kikundi cha wanawake kumi wa avenue, mtaa wao, waliokuwa wakichangishana kila wiki na kumpa mmoja wao. Alirudi kabla ya wakati, akapita salon bila kumwona mumewe, akaenda moja kwa moja hadi aneksi. Hakuwahi kuingia mle. Alisimama kizingitini.

"Wamenipa gobele ya plastiki!"

Bénita alikuwa anamfuta Perle macho. "Gani?"

"Ile ya kutupa! Wote tisa wanakunywa na glasi, mimi peke yangu plastiki! Nimewauliza, wakasema glasi zimepunguka. Bénita, nilizihesabu. Zilikuwa tatu zimebaki kwa meza! Na nilipomaliza, Mukabalisa aliikamata na vidole viwili, hivi, akaitupa kwa moto. Mbele yangu!" Machozi yalimtoka. "Mimi! Mutu mwenye kuosha vyombo vyangu mara mbili! Unajua vile mutu anajisikia?"

Bénita alikikamua kitambaa polepole, akakitundika kwenye msumari, kando ya sahani yenye uzi mwekundu.

"Chai ilikuwa na sukari?" akauliza.

Macho ya Aurélie yalifuata kitambaa, yakaifikia sahani, yakakaa hapo. Kisha akageuka, akatoka. Siku ile chakula cha jioni kilichelewa. Kilipokuja, kilikuja kwenye sahani tano zinazofanana, na hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Léopold alitazama yake, akaigeuza chini juu, akatafuta uzi.

"Kula," mke wake akamwambia. "Ama leta mabango yako uyasome kwanza."

*

Ijumaa ilifika, na safari hii Madame hakutaka picha. Alitaka kumwona Perle kwa macho yake, kwa video. Léopold alinyoa, akavaa fulana mojawapo kati ya zile tano, akatandika shuka safi juu ya kiti kilichochubuka rangi, akamleta Perle salon. Lakini Perle alikataa kukaa na mtu mwingine. Alilia kwa sauti ya bati linalokwaruzwa, ikabidi Bénita aitwe, akae pembeni amshike, kichwa chake kisionekane.

Uso wa Madame ulitokea kwenye simu, mweupe, wenye huruma, nyuma yake maua.

"Perle wangu! Maskini! Anakula?"

"Anakula sana, Madame," Léopold akajibu kwa Kifaransa.

"Hali," ilisema sauti pembeni, kwa Kifaransa cha mwalimu, kila neno limekatwa vizuri. "Tangu jana hajala."

"Nani huyo?" Madame akauliza. Kamera ilikuwa imeteleza. Ukaonekana mkono mwembamba na nusu ya uso. "Huyo mama ni nani, Léopold?"

Léopold alikuwa na majibu mawili, na sekunde moja. Alifikiria Kampala. Alifikiria dada mgonjwa katika nyumba ya karani ambaye hakuwahi kumtaja katika karatasi yoyote.

"Ni mtu wa kazi, Madame."

Aurélie, aliyekuwa mlangoni na sinia la mandazi yasiyouzika, aliliweka chini.

Bénita hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwa mdogo wake kama mwalimu anavyomnyang'anya mwanafunzi kitu cha kuchezea, akaiweka mbele ya uso wake mzima.

"Bonjour, Madame. Mimi ni Bénita, dada yake mkubwa, mama mmoja, baba mmoja. Nina virusi vya sida mwaka wa kumi na moja huu, na ninaendelea vizuri kwa sababu nakunywa dawa. Paka wako naye ninampa zake. Lakini ana virusi vitatu, na mwili umechoka. Usidanganywe. Anaweza asimalize wiki."

Madame alilia. Alimlilia Perle kwanza, kisha, alipojipangusa, macho yake yakang'aa kwa namna nyingine.

"Léopold! Hukuwahi kuniambia! Kumbe unayaishi yale tuliyofundisha! Mgonjwa anayemtunza mgonjwa, ni nzuri mno. Ninaandika ripoti kwa wafadhili wiki hii. Nitumieni picha: Bénita na Perle, na Bénita avae ile fulana. Itakusaidia sana kwa Kampala, Léopold, sana."

Léopold alikuwa tayari anaivua fulana kichwani. Alimnyooshea dada yake, tumbo wazi, akibembeleza kwa macho.

"Hapana, Madame," akasema Bénita. "Dakika moja imepita nilikuwa mtumishi. Sasa nimekuwa bango. Niacheni kwanza nimpe paka dawa, saa imefika." Akamrudishia Léopold simu na kutoka na Perle begani.

Simu ilikatika. Léopold alibaki katikati ya salon, kifua wazi, fulana mkononi.

"Ameniua," akasema. "Aurélie, umeona? Dada yangu ameniua."

"Umemuita mutu wa kazi. Yaya yako."

"Na wewe ulimufungia sahani uzi!"

"Nani aliununua ule uzi? Si wewe?"

Wakaendelea hivyo mpaka jioni, kila mmoja akimrudishia mwenzake dhambi kama sahani ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, kila mmoja alisema ukweli mtupu juu ya mwingine.

*

Perle alikufa Jumatano iliyofuata, asubuhi, ndani ya shuka, mkono wa Bénita ukiwa kooni pake unapapasa kidonge ambacho hakikushuka. Docteur Magloire alisema kwamba kama ingekuwa kirusi kimoja, kwa utunzaji ule, angefika mbali. Léopold alimchimbia shimo nyuma ya jiko, kazi iliyomchukua nusu siku, kwa maana chini ya udongo wa Goma kuna lava, na lava haina habari na huzuni ya mtu. Madame alituma ujumbe wa rambirambi mrefu, wenye moyo na mishumaa. Ulikuwa mrefu kuliko ule aliotuma mlinzi wa ofisi alipouawa langoni. Juu ya Kampala haukusema kitu.

Jumapili, zamu ya kupokea likelemba ilikuwa ya Aurélie. Walikuja watano kati ya tisa, zaidi kwa kutaka kuona kuliko kwa kutaka kuchanga. Walikaa kwenye ncha za viti. Chai ilikuja, na aliyeileta alikuwa Bénita, amevaa kitenge na kilemba kama mgeni, si kama mpishi. Alimimina glasi zote, akaketi kati yao.

"Mama zangu, mimi si mutu wa kuficha tena," akasema. "Ile sida munaitafuta si ya paka. Paka alikuwa na yake, amekufa nayo. Ile ya watu, kwa nyumba hii, iko kwangu peke yangu, na dawa imeilalisha. Haipite kwa chai. Nilitaka musikie kwangu, mupunguze kutembea."

Wanawake watano walitazama glasi tano kana kwamba zinaweza kuruka. Aurélie aliikamata yake, chai ikitoka moshi bado, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, mpaka chini. Ulimi uliungua, macho yakatoa maji, jasho likamtoka puani, lakini aliirudisha glasi mezani kwa kishindo na kuwatazama mmoja mmoja.

Mmoja akanywa. Kisha wa pili, akijifanya kukohoa. Mama Mukabalisa alisimama.

"Nimeacha maharagwe juu ya makala ya moto," akasema, akaenda zake.

*

Alhamisi saa tisa mvua ilikuwa imetoka kukatika. Bénita alikuwa peke yake kwenye aneksi, anasahihisha daftari za watoto wanne wa majirani ambao mama zao walikuwa wameanza kumletea, waoga bado, wakiwasukuma mlangoni na kurudi haraka. Aliona kivuli. Mama Mukabalisa alisimama nje, mwavuli wazi ingawa hakukuwa na mvua, umeshushwa mpaka usoni.

"Karibu."

"Siingie. Napita tu." Hakupita. "Nilitaka kuuliza kitu. Ni juu ya paka wangu."

Mama Mukabalisa hakuwa na paka. Avenue nzima ilimjua kwa kuwatupia paka mawe. Bénita aliweka kalamu chini.

"Paka wako iko na nini?"

"Walimupima. Kule centre de santé, kwa kituo cha afya. Inapata miezi mitatu. Wakamupa vidonge. Alikunywa wiki mbili, akaacha."

"Aliacha juu ya nini?"

"Kizunguzungu. Na ndoto mubaya, anaamuka analia. Na mahali ya kuficha ile chupa haiko. Bwana yake anapekuaka kila mahali."

"Bwana ya paka?"

Mwavuli ulitikisika. "Eh. Bwana ya paka."

Bénita hakucheka. Alikuwa na haki yote ya kucheka: alikumbuka ile gobele iliyotupwa motoni kwa vidole viwili, alikumbuka meza ya mandazi. Alimtazama mwanamke yule, viatu vyake vilivyojaa tope jeusi, mikono yake iliyoshika mpini wa mwavuli kama watu wanavyoshika ukingo wa mtumbwi.

"Ndoto zinaishaka," akasema. "Mwezi moja, mbili, zinaisha. Asikunywe usiku, akunywe asubuhi. Huyo paka iko na watoto?"

"Wanne." Sauti ilishuka. "Wa mwisho ananyonya bado."

Bénita alisimama, akafunga daftari.

"Basi hatuna wakati wa kuchezea. Kesho saa mbili twende centre. Nitaingia na wewe mpaka kwa infirmière, ule nesi, namujua, hana kinywa ya kutembeza maneno. Na ile chupa utaiacha hapa kwangu, utakuja kukunywa kila asubuhi, useme nafundisha watoto wako, unakuja kuangalia daftari zao."

"Kesho?" Mama Mukabalisa aliinua mwavuli kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watu watatuona barabarani, mimi na wewe. Watasema nini?"

"Waache waseme," akajibu Bénita. "Watasema tunapeleka paka."